Safari ni ya kubuni, familia ni yako

Leo dada yenu nimekuja na jambo la shule, maana najua wengi wenu mlioko ughaibuni mnalo mezani wakati huu.

Msichana mmoja wa sekondari, anayeishi na wazazi wake jimbo la Kentucky nchini Marekani, ameniandikia. Kwao ni Uvira. Nyumbani ni Kiswahili, shuleni ni Kiingereza, na mwaka huu ameanza kusoma Kihispania. Mwalimu wao ametoa kazi ya mradi: kila mwanafunzi apange safari ya siku saba ya familia yake katika nchi inayozungumza Kihispania. Hakuna anayekwenda kokote, ni safari ya kubuni. Lakini ratiba iwepo, usafiri, malazi, chakula na bajeti, halafu asimame mbele ya darasa aieleze kwa Kihispania. Kinachomkwaza ni kwamba familia yao haijawahi kwenda likizo mahali popote. Wenzake wanataja fukwe na hoteli walizolala, naye anaona aibu. Anauliza kama akope tu ile familia iliyomo kwenye kitabu cha darasani.

Mdogo wangu, usikope. Peleka familia yako.

Mwalimu wa lugha haangalii mmewahi kupanda ndege mara ngapi. Anasikiliza kama unaweza kusema nani anakwenda, lini, anapenda nini, hawezi nini, na kwa sababu gani. Familia ya kitabuni haina sababu. Inaamka, inakwenda makumbusho, inakula, inalala. Ya kwako inazo sababu tele. Bibi goti linamsumbua, hapandi ngazi. Baba hagusi nyama ya nguruwe. Mdogo wako hataki kusikia habari za michoro, anataka mpira. Mama hakai kwenye kiti cha mgahawa kabla hajajua bei. Kila moja ya hizo ni sentensi ya Kihispania inayokungoja, na hakuna mwenzako atakayekuwa nayo.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, chukua daftari uzunguke nyumbani. Muulize kila mtu: ungependa kuona nini, nini kitakuchosha, na chakula gani huli? Waulize wakiwa kwenye shughuli zao, mama akimenya viazi, baba akivua viatu vya kazini. Andika wanavyosema, usiwasahihishe.

Na usiishie kwa waliomo ndani ya nyumba. Kama bibi yako yuko Bujumbura na hamjaonana tangu mlipoondoka, huu ndio wakati wa kumleta. Apande ndege Bujumbura, abadilishie Addis Ababa, mkutane naye uwanja wa ndege wa Barajas, Madrid. Darasani utasema: «Mi abuela va a llegar el lunes y la vamos a esperar en el aeropuerto.» Yaani bibi atafika Jumatatu na sisi tutamsubiri uwanjani. Kisarufi hapo umetumia wakati ujao wa «ir a» mara mbili, na umeweka kiwakilishi mahali pake. Kibinadamu, umesema neno ambalo familia yenu mnalitamani kwa miaka. Mpigie simu bibi umweleze mradi huo. Atakupa kazi zaidi ya aliyokupa mwalimu.

Sasa tuje kwenye nchi. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, kwa hiyo usidhani lazima uende Uhispania. Meksiko iko jirani na hapo ulipo. Kama unataka darasa zima liinue vichwa, wapeleke Guinea ya Ikweta, nchi yetu ya Afrika iliyotawaliwa na Uhispania hadi tarehe 12 Oktoba 1968, na ambayo hadi leo inatumia Kihispania shuleni na serikalini. Mji wa Malabo uko kwenye kisiwa cha Bioko. Lakini kwa kuwa umeniambia mwalimu amefundisha zaidi habari za Uhispania, tufanye mfano wa huko, na wengine mtabadilisha wenyewe.

Siku saba si nyingi. Miji mitatu inatosha: Madrid, Córdoba na Granada. Yote imeunganishwa na reli, na hilo ni zuri kwa bibi mwenye goti. Treni ya mwendo kasi, AVE, inaondoka stesheni ya Atocha na kufika Córdoba kwa muda wa chini ya saa mbili. Reli hiyo ya kusini ilifunguliwa mwaka 1992, na ndiyo ya kwanza ya mwendo kasi nchini humo. Epuka Julai na Agosti, maana joto la Córdoba hupita nyuzi 40, na hutaki kumtembeza mzee kwenye jua hilo hata kwa kubuni. Panga Aprili, Mei au Oktoba.

Madrid ipe siku tatu. Mdogo wako mpeleke Santiago Bernabéu, uwanja wa Real Madrid uliofunguliwa mwaka 1947. Nyinyi wengine nendeni makumbusho ya Prado, mkaone Las Meninas, mchoro mkubwa wa Velázquez wa mwaka 1656. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, na saa mbili za mwisho za siku ni bure kwa watu wote, kwa hiyo mama atafurahi. Guernica ya Picasso, aliyoichora mwaka 1937 baada ya mji wa Guernica kupigwa mabomu, iko makumbusho ya Reina Sofía, umbali wa kutembea kutoka hapo. Reina Sofía hufungwa Jumanne. Mwanafunzi anayeandika kwamba familia yake itaingia humo Jumanne, mwalimu anajua papo hapo kwamba hakutafuta habari.

Córdoba ipe siku moja, kwa ajili ya ule msikiti mkubwa uliogeuzwa kanisa kuu. Ujenzi ulianza karne ya 8 chini ya mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, jengo likawa kanisa, na baadaye wakajenga kanisa zima katikati ya msitu ule wa nguzo. Nguzo ni zaidi ya 850, na juu yake matao ya mistari myekundu na myeupe. Kama nyumbani kwenu ni Waislamu, mweleze baba mapema kwamba leo ni kanisa Katoliki na swala ya Kiislamu hairuhusiwi ndani yake. Msikiti wa kuswali utaupata Granada, mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003. Kama ni Wakatoliki, uliza saa za misa uweke kwenye ratiba. Ibada ya wazazi wako ni sehemu ya safari yenu, usiifiche ili ufanane na wengine.

Granada ndiyo nataka uifanyie kazi hasa, kwa sababu ngome ya Alhambra inakulazimisha kupanga kweli. Kwanza, tiketi hutolewa kwa jina na hati ya kila mtu, kwa hiyo unahitaji orodha kamili ya wasafiri. Pili, huisha mapema msimu wa wageni, kwa hiyo andika tarehe ya kuzinunua. Tatu, sehemu iitwayo Palacios Nazaríes ina saa yake ya kuingia iliyochapwa kwenye tiketi, na ukichelewa hukubaliwi. Sasa fikiria: ngome iko juu ya kilima, bibi hapandi, mtoto anataka chooni, na tiketi inasema «a las diez y media». Familia iamke saa ngapi? Ipande basi lipi dogo la kwenda kilimani? Nani amshike bibi mkono wakati nyinyi mnakwenda kuona ile chemchemi ya simba 12 wa marumaru? Ukijibu hayo kwa Kihispania rahisi, una aya nzima yenye uhai, na humo ndani kuna «primero», «después», «mientras» na «al final».

Hapo kwenye saa uwe mwangalifu. Kama nyumbani mnahesabu saa kwa Kiswahili, saa nne asubuhi ni «las diez», si «las cuatro». Chakula cha mchana Uhispania huliwa kuanzia saa nane, na cha jioni saa tatu usiku au baada ya hapo. Wadogo wanaolala mapema wapangie kitu cha kutafuna katikati.

Malazi tafuta nyumba ya kupanga au hoteli ya vyumba vya familia, na uandike ombi lako: «Necesitamos una habitación en la planta baja porque mi abuela no puede subir escaleras.» Chakula, asubuhi waagize «tostada con tomate», mkate uliochomwa ukapakwa nyanya iliyokunwa na mafuta ya zeituni. Mchana tafuta «menú del día»: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji na kitamu au kahawa, kwa bei moja iliyoandikwa mlangoni. Mama ataipenda. Nyama ya nguruwe huingia katika vyakula vingi, hata usivyotarajia, kwa hiyo mfundishe baba kuuliza: «¿Este plato lleva cerdo?»

Bajeti usiipambe. Tazama nauli halisi ya ndege kutoka mji wenu kwa tarehe ulizochagua, zidisha kwa idadi ya watu, ongeza treni, malazi, viingilio na chakula, uandike jumla kwa yuro na kwa dola. Jumla ikiwa kubwa, punguza gharama. Darasa litaona familia inayofikiri.

Na hati za kusafiria? Mwenye pasipoti ya Marekani hahitaji viza ya Uhispania kwa matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Mwenye pasipoti ya Congo, Burundi, Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Uhispania. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa hiyo ombi la bibi linatangulia kila kitu kwenye kalenda yako.

Hapa dada yako nakuonya kwa upendo. Familia ni ya kweli, lakini siri za nyumbani si za darasani. Usionyeshe picha ya pasipoti ya mtu, wala namba yake. Usitaje mshahara wa baba. Usieleze nani ana karatasi za aina gani, wala mlivyoingia nchini. Sema tu «mi abuela necesita un visado» kisha uendelee. Na kama kuna mtu wa familia ambaye kumtaja kunakuumiza, una haki ya kumwacha. Hakuna mwalimu mwema atakayekukatia alama kwa hilo.

Maandishi yafanye mwenyewe. Ukiandika insha yote kwa Kiswahili au Kiingereza kisha ukaitupa kwenye programu ya kutafsiri, itarudi na maneno ambayo huwezi kuyatetea ukiulizwa swali moja. Tumia kamusi kwa neno unalokosa. Sentensi zako ziwe fupi na ziwe zako. «A mi padre no le gusta el avión.» «A mis hermanas les gustan los jardines.» Ukiweza kubadilisha «le» na «les», «gusta» na «gustan» bila kusita, umeshapiga hatua kubwa.

Siku ya kuongea, usiogope sauti yako. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mwenzako aliyekulia kwenye Kiingereza anahangaika kuzipata, wewe umezaliwa nazo. Herufi j itamke kama kh ya «kheri». Ile ñ ni ny ya «nyota». H haitamkwi kabisa, na ll ya «llegar» iseme kama y. Soma kwa sauti mbele ya wazazi wako hata kama hawaelewi. Watasikia majina yao, watauliza unasema nini juu yao, na wewe utawaeleza.

Wadogo zangu, msione haya kwa kuwa hamjawahi kwenda likizo. Familia iliyovuka mipaka, ikabeba watoto, ikajifunza miji na lugha mpya ikiwa ukubwani, inajua kupanga safari kuliko nyingi. Simama mbele ya darasa, wataje watu wako kwa majina ya heshima, useme wanachokipenda na wasichokiweza. Alama zitakuja. Na jioni ukirudi nyumbani, ibandike ratiba hiyo ukutani, mahali ambapo wote wataisoma.