NENO "ORIGINAL" KWENYE BOKSI LINASEMA NINI?

Leo tuongelee neno moja la Kiingereza linalotutoa jasho kaunta kila siku: "original".

Sisi mtaani orijino ni kinyume cha feki, basi. Ila neno lenyewe limetoka kwenye "origin", yaani asili au mwanzo. Kwa hiyo "original" ni kile cha mwanzo, kilichotangulia vingine. Hapo ndo mkanganyiko unapoanzia.

Chukua Vaseline. Kopo moja limeandikwa "Original", lingine "Cocoa Butter". Mama mmoja wa Ukerewe alikuja kuchukua mzigo wa kuvuka nao, akaikataa katakata ile ya kakao. "Mbona hii haijaandikwa orijino? Unaniuzia feki mwanangu?" Nikamwambia mama, "Original" hapo ni ile ya kawaida, waliyoanza nayo kabla ya kuongeza harufu. Nikamfungulia anuse. Akachukua zote mbili. Kwenye biskuti na dawa ya meno utakuta hivyohivyo.

Sasa geuza. Chaja ina boksi limeandikwa ORIGINAL kwa herufi kubwa. Hiyo haithibitishi kitu, maana anayetengeneza feki naye ana mashine ya kuchapa. Mimi nikiliona mara tatu kwenye boksi moja ndo nashtuka zaidi. Kiingereza cha "siyo feki" hasa ni "genuine", ndo maana kwenye spea za pikipiki unaona "genuine parts". (Nalo linachapika vilevile!)

Tena original siyo lazima iwe mpya. Kiatu cha mtumba pale Mlango Mmoja kinaweza kuwa orijino na kimeshavaliwa. Na ofisini wakitaka "original" ya cheti, peleka chenyewe, siyo kivuli.

Unapofunga mzigo, angalia jina la kiwanda, tarehe ya kuisha, na dai risiti ya EFD yenye jina la aliyekuuzia. FCC wanakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo unateketezwa. Hapo kujitetea kwamba boksi liliandikwa original hakukusaidii, risiti angalau inaonyesha ulikoutoa.

Mteja akiuliza "hii orijino?", muulize kwanza: unamaanisha siyo feki, au unataka ile ya kawaida?