Mayai ya Samaki Yakiota Kuvu

"Yaya, kila samaki wangu wakitaga, mayai yanageuka meupe halafu yanaota manyoya kama pamba. Kuna mtu ameniroga?" Ujumbe huu umetoka Kabalo, kwa mdogo wetu anayefuga brichardi, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, ndani ya tangi la kioo.

Mdogo wangu, hujarogwa. Kuvu hiyo, wataalamu wanaiita Saprolegnia, imo mtoni, kisimani, hata ndooni mwako. Yai lililo hai lina ganda la kujikinga. Kuvu huanzia kwenye yai lililokufa au ambalo dume hakulirutubisha, inanenepa hapo, kisha nyuzi zake zinatambaa hadi kwa jirani mzima na kumkaba akose hewa. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dawa, tafuta yai la kwanza lilikufa kwa nini.

Maji unateka wapi? Ziwa Tanganyika lina madini mengi, na pH yake inakaribia 9. Mto Lukuga ndio unaotoa maji hayo ziwani pale Kalemie, lakini unaingia Lualaba kaskazini ya Kabalo, Lualaba ukishapita mji wenu. Unachoteka wewe ni maji mengine kabisa. Samaki umewatoa ziwani, maji yao hukuyaleta! Weka mawe ya chokaa ndani ya tangi, na unapobadilisha maji, badilisha kidogo kidogo. Tazama na dume pia: akiwa mchanga bado, mayai mengi yatabaki matupu.

Halafu, usimfukuze mama. Brichardi hutaga pangoni, kwenye mawe, na jike hupepea mayai kwa mapezi ili maji yapite, huku akiyala yaliyooza. Ukimwona anameza yai, usidhani ni ulafi. Mara nyingi anasafisha. Akiyala yote kila mara, hapo kuna kinachomsumbua: kelele, mwanga, au samaki wengine wanaomzonga.

Ukilazimika kuyatenga mayai, tumia chombo safi chenye maji yaleyale ya tangi. Jiwe la hewa likae pembeni, maji yazunguke taratibu bila kuyarusha mayai. Asubuhi na jioni vuta yaliyo meupe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na usiyapasue. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayookoa kuliko chupa yoyote ya dawa.

Dawa nayo ipo: methilini bluu. Ile ya asilimia 1, mililita 1 inatosha lita 5 za maji. Itie kwenye chombo cha mayai tu, maana ndani ya tangi kubwa inaua bakteria wanaosafisha maji. Mayai ya brichardi huanguliwa baada ya siku 3 hivi. Yakishaanguliwa, punguza rangi kwa kuongeza maji safi polepole. Malakaiti ya kijani usiiguse. Ni sumu, na jirani yako anayefuga kambale wa kula asiikaribishe bwawani hata tone.

Najua umeme wenu unavyokatika. Kama huna pampu ya betri au ya jua itakayokesha usiku kucha, usiyatenge mayai hayo, mdogo wangu. Mwachie mama yao.