Mteja Akiumia Mahali pa Burudani, Nani Anawajibika?

Jumapili mchana, familia moja inalipa kiingilio katika eneo la burudani lenye bwawa la kuogelea. Kando ya bwawa, vigae vitatu vimevunjika na maji yametuama. Mtoto wa miaka 7 anateleza, anaanguka na kuvunjika mkono. Msimamizi anawaonyesha wazazi bango lililo langoni: "Wasimamizi hawatawajibika kwa ajali yoyote." Wazazi wanaondoka na bili ya hospitali wakiamini kuwa mambo yameishia hapo.

Huo ni mfano tu, lakini unaonyesha jambo ambalo wateja na wafanyabiashara wanapaswa kuelewa: bango pekee haliamui nani atawajibika.

Sheria inasema nini?

Suala hili linaongozwa na Sheria ya Dhima ya Wakaliaji, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Mkaliaji ni yule anayesimamia na kudhibiti eneo, hata kama amelikodisha tu. Ana jukumu la kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama anapolitumia eneo hilo kwa shughuli aliyoruhusiwa kuifanya. Jukumu hilo halitegemei tiketi. Mtoto anayecheza kwenye bembea ya bure ya mkahawa analindwa pia.

Sheria hiyo inamtaka mkaliaji atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kwa hiyo kinachomtosha mtu mzima huenda kisimtoshe mtoto.

Vipi kuhusu bango la onyo?

Onyo humsaidia mkaliaji iwapo tu linamwezesha mgeni kujikinga. Bango linalosema "Kina cha maji hapa ni mita 3" linamweleza mgeni hatari iko wapi. Bango la jumla langoni halimwambii lolote kuhusu vigae vilivyovunjika. Sheria inamruhusu mkaliaji kupunguza jukumu lake kwa mapatano, kadiri anavyokuwa huru kufanya hivyo. Hata hivyo, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa madhara yanayotokana na kasoro za huduma.

Je, kila anayeanguka hulipwa?

Hapana. Anayedai lazima athibitishe kuwa kulikuwa na hatari, kuwa mkaliaji hakuchukua uangalifu unaofaa, na kuwa hatari hiyo ndiyo iliyomuumiza. Mteja aliyechangia ajali, kwa mfano kwa kupiga mbizi mahali palipokatazwa wazi, anaweza kupunguziwa fidia. Aliyeikubali hatari kwa hiari huenda asipate chochote.

Hatua za kuchukua siku ya ajali

Vigae vinaweza kurekebishwa kesho yake asubuhi, na ushahidi ukapotea. Kwa hiyo aliyeumia, au aliye naye, anashauriwa:

1. Kupata matibabu kwanza na kuhifadhi ripoti ya daktari na risiti zote.
2. Kupiga picha mahali pa ajali, pamoja na mabango yaliyopo.
3. Kumwarifu msimamizi na kuomba tukio liandikwe.
4. Kuchukua majina na nambari za simu za mashahidi.
5. Kutunza tiketi au ujumbe wa malipo ya simu.

Kwa kawaida, madai ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Yakiwa dhidi ya Serikali, muda ni miezi 12 pekee, kwa hiyo ni vyema kutafuta ushauri wa kisheria mapema. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya majeraha yasiyozidi Sh. 1,000,000, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Kwa wenye maeneo ya burudani

Kinga bora ni kukagua eneo kila asubuhi kabla ya kufungua lango, kuandika kilichoonekana, kuzungushia utepe sehemu mbovu na kuirekebisha. Fundi akiitwa, mwenye eneo ahakikishe ana ujuzi na kazi imefanywa sawasawa. Kubadilisha vigae vitatu ni gharama ndogo kuliko kulipa fidia ya mkono uliovunjika, na mtoto anarudi nyumbani salama.