Kijana na Uchaguzi wa Masomo: Neno kwa Wazazi na Waalimu wa Mitaa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakiisha kutangazwa, watu hupanda kuja nyumbani kwetu, baba na mwanawe, au mama na binti yake, na swali lao ni moja: "Baba Mchungaji, mtoto huyu asome nini?" Twawakaribisha, twawajibu kadiri tuwezavyo. Lakini yatupasa kukiri kwamba wengi wao wamechelewa miaka miwili, nao hawana habari. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema kulieleza jambo hili, ili mwalimu wa mtaa, aliye karibu na watoto kuliko sisi, apate kulitambua mapema.

Zamani katika Meru baba alimgawia mwanawe kihamba. Alipima kwa hatua, akaita mashahidi, akapanda masale mpakani, na kila mtu alijua mpaka umepita wapi. Siku hizi kihamba kimegawanywa mara nyingi hata hakigawanyiki tena. Migomba michache na kahawa iliyobaki haiwezi kulisha nyumba tatu. Shule imekuwa ndiyo urithi. Lakini urithi huu nao una mipaka yake, na mzazi huivuka pamoja na mtoto wake asione hata sale moja.

Mpaka wa kwanza upo mwisho wa kidato cha pili. Katika mtaala uliozoeleka kwa miaka mingi, wanafunzi wote huendelea na hisabati, Kiswahili, Kiingereza, baiolojia, jiografia, historia na uraia. Bali fizikia na kemia mwanafunzi huweza kuyaacha aingiapo kidato cha tatu. Umri wake wakati huo ni miaka 15 au 16. Mara nyingi huyaacha kwa sababu ndogo kabisa: rafiki yake ameyaacha, au mwalimu wa somo alihama katikati ya mwaka, au amesikia kwamba masomo hayo huharibu matokeo. Nyumbani haulizwi na mtu. Mtaala mpya ulioanza kuingia mwaka 2024, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, umeongeza njia, lakini palipo na njia nyingi ndipo mtoto ahitajipo zaidi mtu wa kumwuliza, "Hii yaenda wapi?"

Mpaka wa pili ni ule wa tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita. Herufi zake watu wazijua: PCM ni fizikia, kemia na hisabati, PCB ni fizikia, kemia na baiolojia, CBG ni kemia, baiolojia na jiografia, HGL ni historia, jiografia na Kiingereza, nazo nyingine. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikawa 65 kwa jumla. Hapa nasi twaomba msomaji asome polepole, maana ndipo wengi hujikwaa. Mwenye CBG aweza kwenda katika kilimo, mifugo na mambo ya mazingira, lakini mlango wa udaktari wa binadamu umefungwa kwake, kwa kuwa vyuo vyetu hudai fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Mwenye PCB hawi mhandisi wa barabara na madaraja, kwa kuwa hakusoma hisabati ya juu. Mwenye HGL aweza kuomba sheria, ualimu na mengine mengi. Uhasibu utamlemea ikiwa aliiacha hisabati moyoni tangu darasa la saba, ingawa kitabu chake aliendelea kukibeba.

Tena, hata akifaulu masomo aliyoyachagua, mgombea wa shahada ya kwanza hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya juu, jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A huhesabiwa 5 na E huhesabiwa 1. Huo ni mwanzo tu, maana kila shahada ina masharti yake, nayo huchapishwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu. Mwalimu wa mtaa mwenye simu apate mwongozo huo, ausome pamoja na vijana. Tumekutana na wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya ada, wala hawajapata kusikia kwamba kitabu hicho kipo.

Sasa, nani achague? Wazazi wengi wa kwetu hutaja kazi tatu: daktari, mwanasheria, rubani. Hawatazami hata yaliyo chini ya macho yao. Ashukaye Tengeru siku ya soko hupita karibu na chuo cha mifugo, na kituo cha utafiti wa mboga na matunda, na taasisi ya maendeleo ya jamii, na chuo cha Nelson Mandela wasomeshwamo mabingwa wa sayansi. Naye hununua ndizi zake akarudi, akamwambia mwanawe kwamba elimu iko Dar es Salaam. Mjini Arusha pana Chuo cha Ufundi, ambako kijana wa kidato cha nne aliyefaulu sayansi na hisabati huweza kuanza stashahada, na baadaye akafika shahada kwa njia hiyo. Wako wanaoidharau njia hii. Sisi hatuoni sababu.

Sisi Walutheri hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa baba aliyemchagulia mwanawe. Hans Luther, mtu wa machimbo ya shaba, alitaka Martin awe mwanasheria. Martin akaanza sheria Erfurt mwaka 1505, na kabla mwaka haujaisha akaiacha, akaingia utawani, baba yake akakasirika sana. Hatusemi haya ili vijana wawaasi wazazi wao, wala sheria si elimu ya kudharauliwa. Wameru walipofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akaenda kunena mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, wakili aliyewasaidia, Earle Seaton, alikuwa mtu wa Bermuda. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Watu waliisomea kwa kuwa waliiona haja. Basi mzazi akitaja kazi, na aulizwe haja aionayo. Na kijana akitaja kazi, na aulizwe ni somo gani hulifungua bila kuamriwa.

Kosa letu wenyewe hatutalificha. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa darasa la kipaimara alikuja na baba yake, akiwa amemaliza kidato cha pili. Fizikia ilimshinda, kemia aliipata wastani, akataka kuyaacha yote mawili. Tukasema, "Yaache, mwanangu, upate alama nzuri katika mengine." Baba yake akashukuru, kwa kuwa ni neno la mchungaji. Hatukumwuliza binti apenda nini, wala hatukujua kwamba kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akienda kumfunga bibi yake kidonda cha mguu. Kidato cha nne alifaulu vizuri. Akaja tena, akasema, "Shikamoo Baba Mchungaji, nataka uuguzi." Tukatazama cheti chake pamoja: kemia haikuwamo.

Alijiandikisha kufanya mtihani wa kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka ule mzima alishuka Tengeru mara tatu kwa juma kufundishwa, na nauli tulimlipia sisi.