BAINA YA MAGHARIBI NA ISHA
Somo kwa Wazazi Wenye Shughuli Nyingi

Ndugu msomaji, akina baba wengi wa miji yetu hutoka nyumbani baada ya sala ya Alfajiri, watoto wangali wamelala, nao hurudi usiku watoto wamekwisha lala. Mama naye hushinda sokoni au kazini, na arudipo humngoja jiko na nguo za kufua. Mtoto hulishwa, huvikwa na hulipiwa karo. Lakini sauti ya baba yake huisikia siku alipokosea tu. Mtoto wa namna hiyo huijua hasira ya baba yake kabla hajaijua dini yake.

Je, wazazi hawa wana udhuru? Katika Sura At-Tahrim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu amewaamuru waaminio wajiokoe wao na watu wa nyumba zao na Moto. Amri hiyo haikuwekewa sharti la mtu kuwa na nafasi. Mwalimu wa dini ni msaidizi tu. Atakayeulizwa ni mzazi.

Tena, nani alikuwa na kazi nyingi kuliko Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w.? Alikuwa Mtume, kadhi na mkuu wa dola. Hata hivyo, Bibi Aisha r.a. alipoulizwa habari zake nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Alimbeba mjukuu wake Umama hali yumo katika sala. Basi mapenzi kwa watoto hayakungoja kazi ziishe.

Jambo tunalolihitaji ni wakati mmoja usiovunjwa. Sisi wa Afrika Mashariki tumepewa neema: tupo karibu na Ikweta, na jua letu huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kipindi cha baina ya Magharibi na Isha, ambacho huzidi saa nzima kidogo, chaweza kuwa madrasa ya kila nyumba. Mwenye kazi ya usiku, kama mlinzi au dereva, na achague wakati wa baada ya Alfajiri.

Kipindi hicho kitumike hivi:

1. Sala ya Magharibi isaliwe kwa jamaa. Msikiti ukiwa mbali, baba au kijana mkubwa asalishe nyumbani. Mtume s.a.w. ameagiza mtoto aamrishwe kusali afikapo miaka 7.

2. Kila mtoto asome mistari michache ya Yassarnal Kurani. Aliyekwisha hitimu asome aya chache pamoja na maana yake katika tafsiri ya Kiswahili ya Jumuiya yetu, iliyotolewa mwaka 1953.

3. Chakula kiliwe pamoja, redio na simu zikiwa zimezimwa. Hapo kila mtoto aulizwe habari za siku yake, naye asikilizwe mpaka mwisho.

4. Kabla ya Isha pasimuliwe kisa kimoja kifupi cha Manabii a.s. Wazazi waige mfano wa Luqman katika Kurani Tukufu: alimwita mwanawe kwa upole, akaanza na tauhidi, kisha akafundisha sala, subira, unyenyekevu na sauti ya adabu.

Watoto wa miaka 7 hadi 15 wapelekwe pia katika mafunzo ya Atfal na Nasirat. Lakini wakirudi, mzazi awaulize walichojifunza; mtoto hukiheshimu kile anachokiona kinaheshimiwa nyumbani.

Mzazi aliyechoka huona fimbo ndiyo njia ya mkato. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukizwa mno na tabia ya kuwapiga watoto, akiihesabu kuwa ni namna ya shirki, kwa maana mpigaji hujifanya mshirika wa Mungu katika kuongoza. Yeye alishikamana na dua, na kila siku aliwaombea watoto wake. Dua haimnyimi mtu nafasi: huombwa garini, shambani na jikoni.

Enyi wazazi, karo ikichelewa hulipwa mwezi ujao. Utoto ukipita haulipiki. Anzeni jioni ya leo, hata kwa robo saa. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.