Somo kwa Makatibu na Wanachama: Ada na Kodi za Chombo cha Uvuvi

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama cha wavuvi kuwaeleza wanachama mambo matatu: malipo yanayodaiwa kwa chombo, nani apasaye kuyalipa, na jinsi fedha zake zinavyoweza kupatikana bila ya kukopa. Malalamiko juu ya ada hayakosi kusikika katika mikutano ya wavuvi, na mengine ni ya haki. Lakini hesabu ikitazamwa vizuri, huonekana kwamba mara nyingi kinachomfilisi mwenye chombo si ada yenyewe, bali ni deni analoliingia siku ya kulipa ikiwa imekwisha wadia.

1. Malipo yenyewe

Katika Tanzania Bara uvuvi husimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za mwaka 2009 na marekebisho yake. Wanachama wafahamu kwamba usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili hukitambulisha chombo na mwenyewe, nacho hupewa namba ya kuandikwa ubavuni. Leseni ni ruhusa ya kukitumia chombo hicho kuvua. Ina muda wake, na muda ukiisha hulipiwa upya. Mvuvi naye hutakiwa kuwa na leseni yake mwenyewe.

Nje ya hayo upo ukaguzi wa usalama, ambao tangu mwaka 2018 umo mikononi mwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Tena upo ushuru wa halmashauri ya wilaya, utozwao kwa sheria ndogo chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982. Kwa sababu hiyo kiwango cha wilaya moja chaweza kutofautiana na cha wilaya jirani. Mwisho ipo kodi ya mapato.

2. Nani alipe

Ada za chombo ni mzigo wa mwenye chombo, na zilipwe kutoka katika fungu lake. Zisichanganywe na gharama za safari, kama mafuta, barafu na chakula, ambazo huondolewa kabla ya mgawo. Mwenye chombo anayekata ada ya mwaka mzima katika mapato ya safari moja huwapunguzia mabaharia haki yao, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ikiwa pande zote zimekubaliana vinginevyo, makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini kabla ya msimu.

Chombo cha chama kisajiliwe kwa jina la chama. Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 kina uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake. Mashua ya chama iliyosajiliwa kwa jina la mwenyekiti huonekana katika karatasi kuwa ni mali ya mwenyekiti; akifariki, warithi wake wataidai, na chama kitabaki kutafuta mashahidi.

3. Hesabu ya kuweka akiba

Ichukuliwe kwa mfano mashua ya dagaa ambayo malipo yake yote ya mwaka ni shilingi 240,000. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si viwango vya Serikali. Mashua hiyo huvua katika miezi ya giza 10 kwa mwaka, ikipumzika wakati wa kusi kali. Mwenyewe akiweka shilingi 24,000 kila giza, mwaka ukiisha fedha zote zitakuwa tayari.

Mwenzake hakuweka akiba. Leseni ilipomwishia alikopa shilingi 240,000 kwa mnunuzi wa dagaa, kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake kwa bei iliyopungua shilingi 1,000 kwa kila ndoo. Msimu huo aliuza ndoo 600. Amepoteza shilingi 600,000, na deni la shilingi 240,000 bado analo. Ada ni ile ile kwa wote wawili, lakini mmoja ameilipa mara moja, na mwingine ameilipa zaidi ya mara tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Na deni nalo hukitoboa.

4. Daftari hupunguza kodi

Katika viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo yaliyozidi shilingi milioni 4 na kufikia milioni 7 kwa mwaka alitozwa shilingi 100,000 ikiwa hakuwa na kumbukumbu. Aliyekuwa nazo alitozwa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 4. Basi kwa mauzo ya milioni 6, mwenye daftari alilipa shilingi 60,000. Viwango huweza kubadilishwa na Bunge, hivyo katibu aulize katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kila mwaka mpya wa fedha unapoanza mwezi Julai.

5. Kazi ya katibu

(a) Afungue ukurasa wa leja kwa kila chombo, na kuandika namba ya usajili na tarehe ya mwisho ya leseni.

(b) Apokee akiba ya ada kila giza na kutoa stakabadhi siku hiyo hiyo. Fedha hizi ni amana ya mwanachama, si mapato ya chama; haziruhusiwi kulipia posho wala gharama nyingine za chama.

(c) Awakumbushe wenye vyombo miezi miwili kabla ya leseni kwisha.

(d) Atunze nakala za stakabadhi zote za Serikali. Mwanachama asilipe ada yoyote pasipo stakabadhi.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Vyombo vya wanachama wetu vimesajiliwa kwa majina ya nani?

2. Jumla ya malipo ya mwaka ya kila chombo ni shilingi ngapi, na kila giza inapasa kuwekwa kiasi gani?

3. Ni wanachama wangapi wanaouza samaki kwa bei ya chini kwa sababu ya deni, na chama chaweza kuwasaidiaje kulimaliza?