Kipimo cha Damu kwa Kifua Kikuu cha Ng'ombe

Kifua kikuu cha ng'ombe ni ugonjwa wa polepole. Mnyama aweza kukaa nao miezi mingi, hata miaka, akila na kukamuliwa, na mwenyewe asiwe na habari. Kumbe vijidudu vyaambukiza wenzake kwa pumzi, na watoto wa nyumbani kwa maziwa yasiyochemshwa.

Njia ya zamani ya kuutambua ni kumpiga ng'ombe sindano ya tubakulini katika ngozi, kisha daktari wa mifugo hurudi baada ya saa 72 kupima uvimbe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Australia walileta njia nyingine. Damu huchukuliwa mara moja tu, hutiwa tubakulini, na kuwekwa penye joto usiku kucha. Ikiwa chembe zake zimekwisha kupambana na vijidudu hivyo, hutoa kitu kiitwacho intaferoni-gama, nacho hupimwa. Sehemu nyingine ya damu hutiwa tubakulini ya vijidudu vya ndege, kwa kuwa jamaa hao huweza kudanganya. Damu iliyochelewa mno njiani haifai, maana chembe zake zimekufa.

Kipimo hiki huwapata wagonjwa wengi kuliko sindano, hasa walioambukizwa karibuni. Lakini husingizia wazima wengi zaidi pia, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu anayehukumiwa huchinjwa.

Tuseme chagundua wagonjwa 87 katika kila 100, na chasingizia wazima 3 katika kila 100. Katika kundi la ng'ombe 100 wenye wagonjwa 40, kitawapata kama 35 na kuwasingizia wazima 2 hivi. Kwa hasara hiyo ndogo kundi laokoka. Katika ng'ombe 1,000 wenye wagonjwa 10 tu, kitawapata 9 na kuwasingizia 30! Kipimo ni kile kile. Makundi ndiyo yaliyo mbalimbali.

Kukihakikisha nako si kazi nyepesi. Machinjoni hutazamwa mapafu na matezi, na vijidudu huoteshwa kwa majuma kadhaa. Walakini ugonjwa mchanga hauonekani kwa macho, basi mnyama asiye na dalili hawezi kuitwa mzima papo hapo. Kwa sababu hizi Uingereza haikuiacha sindano, bali huongeza kipimo cha damu hasa katika makundi ambayo ugonjwa umekwisha kuthibitishwa.